Faili Lenye Tarehe Mbili

Inspekta Theopista Kokushubila alifika Muleba Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, akitokea Bukoba. Mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa ameagiza mtuhumiwa aletwe tayari kwa mahojiano. Theopista alishukuru, akasema mtuhumiwa atangoja kidogo. Alitaka kwanza kuiona kompyuta.

Mtuhumiwa mwenyewe aliitwa Faruku Uledi, mzaliwa wa Bukoba mjini, fundi wa kompyuta wa Hospitali ya Kyabulungo kwa miaka sita. Alikuwa mahabusu tangu Alhamisi. Jalada lake lilikuwa na kurasa nne tu, na habari iliyomo ilikuwa fupi. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, umeme ulikatika, betri ikaisha kabla jenereta haijashika, na seva ya hospitali ikazimika. Umeme uliporudi Faruku aliiwasha. Seva iliwaka, lakini programu ya benki ya damu haikuamka. Mifuko kumi na minne ilikuwa kwenye jokofu, kila mmoja na namba yake, ila habari ya mfuko upi umeshapita vipimo na upi bado ilikuwa ndani ya seva na si kwingine. Wodi ya wazazi wakati huo ilikuwa na Jovina, mke wa Gozbert wa Kamachumu, anavuja damu baada ya kujifungua. Maabara ikaanza kupima mifuko upya, mmoja mmoja. Wa kwanza ulifika wodini baada ya saa moja na dakika ishirini, Jovina ameshakata roho. Mtoto, wa kike, alipona.

Kesho yake mganga mfawidhi aliandika malalamiko. Mwezi mmoja kabla, Faruku alikuwa amegombana naye juu ya mkataba ambao haukuongezwa. Asubuhi ile alikuwa peke yake na seva. Na kumbukumbu za mashine zilionyesha kwamba saa tatu na dakika kumi na mbili alifuta faili. Muleba nzima ilikuwa imeshamhukumu. Jumanne, yaani kesho, angesomewa mashtaka.

Huko hospitalini, seva haikuwa kwenye chumba chake. Sista Renatha, mkuu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpeleka Theopista hadi kwenye kabati la dawa za vipimo, akafungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni pamoja na msalaba. Mashine ilikuwa humo, imefunikwa kwa shuka. Alieleza kwamba siku moja baada ya msiba, mshauri wa mifumo wa hospitali, bwana mmoja wa Bukoba aitwaye Audax Mutalemwa, alimwandikia mganga mfawidhi barua akishauri diski ifutwe yote na kila kitu kisimikwe upya, tena haraka, ili kazi iendelee.

"Nikamwambia mganga mfawidhi kwamba mtu akifa hatuoshi sakafu kabla polisi hawajaja," alisema Sista. "Tangu siku hiyo tunaandika kwenye daftari."

Theopista aliiomba ile barua akaisoma mara mbili, akaiingiza kwenye bahasha yake. Kisha akafanya kazi yake kwa utaratibu. Hakuiwasha mashine, maana mashine ikiwashwa hujiandika yenyewe na kuvuruga nyayo. Aliichomoa diski mbele ya Sista, akaandika namba yake, wote wawili wakatia saini, akaiunganisha na laptopu yake kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma tu, akaanza kuinakili. Laptopu ilimwambia kazi itachukua saa moja na dakika arobaini. Muda huo ulitosha kumwona Faruku.

Alimkuta kituoni, amekaa wima kwenye benchi, ndevu zimeota, shati ni lile lile la Alhamisi. Alijibu maswali bila pupa. Ndiyo, aligombana na mganga mfawidhi. Ndiyo, alikuwa peke yake. Ndiyo, alifuta faili.

"Faili gani?"

"Kufuli. Programu ikizimwa ghafla inaacha kifaili cha kusema bado niko kazini. Usipokifuta, haikubali kuamka. Kila umeme ukikatika nakifuta."

"Na safari hii ulipokifuta?"

"Iligoma vile vile. Ikasema kuna kitu haikioni kwenye maktaba yake. Niliwaambia hapa kituoni, afande. Waliandika."

Waliandika kweli. Theopista alifungua jalada, akakuta kwamba mtuhumiwa "alizungumzia maktaba", na ukurasa uliofuata ukaeleza kuwa konstebo mmoja alitumwa kwenye maktaba ya chuo cha wauguzi kuuliza kama kuna kitabu kilichopotea. Mtunza maktaba alijibu kwamba kimepotea kimoja, cha lishe. Theopista alilifunga jalada taratibu. Akauliza ni nani wengine wanajua nywila kuu ya seva. Faruku alitaja watatu: yeye, mganga mfawidhi ambaye anayo kwenye bahasha iliyofungwa, na Audax.

Aliporudi hospitalini alimpigia simu Zahoro, mhandisi wa kampuni ya Dar es Salaam iliyouza ile programu ya benki ya damu. Zahoro alithibitisha habari ya kufuli. Alisema wameiandika hata kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa thelathini na moja, na fundi asiyelifuta ndiye angemshangaza. Basi lile faili lililomtia Faruku ndani likawa si kitu. Theopista aliliandikia maelezo, akasonga mbele.

Nakala ilikuwa tayari. Seva ile ilikuwa inaendeshwa na mfumo wa Linux, na mtengenezaji wa mfumo huweka alama ya kila faili analolileta, kama alama ya kidole. Theopista aliiamuru laptopu ilinganishe faili zote na alama hizo. Ilitoa mistari kumi na saba. Kumi na sita ilikuwa ya faili za mipangilio, zile ambazo kila fundi huzigusa. Mstari wa kumi na saba ulikuwa wa maktaba ya usimbaji. Alama yake haikufanana na ya mtengenezaji, wala ukubwa wake.

Sista Renatha, aliyekuwa amevuta kiti, aliuliza maktaba ndiyo nini hasa, maana hata yeye alikuwa amefikiria vitabu. Theopista alimweleza kwamba kuna kazi ambazo programu nyingi huzihitaji, kama kuficha siri zinapopita kwenye waya. Badala ya kila programu kuja na ya kwake, zote hutumia moja, kama majirani wanaochota kisima kimoja. Mtu akikibadilisha kisima, anayeumwa tumbo si lazima awe yeye.

Alitazama tarehe ya lile faili. Novemba kumi na moja, mwaka jana. Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema limekaa hivyo tangu zamani. Lakini faili la Linux hubeba tarehe zaidi ya moja. Ya kwanza husema maandishi yake yalikamilika lini, na mtu anaweza kusafiri nayo kutoka mashine nyingine. Ya pili husema lini faili liliguswa kwenye diski hii hii, na hiyo huiweka mashine yenyewe. Ya pili ilisomeka Machi ishirini na mbili, Jumapili, saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri.

Siku ishirini na tatu kabla ya Jovina kufa.

Hapo palikuwa na shaka ambayo wakili yeyote angeikamata, naye Theopista akampigia Zahoro tena. Kama maktaba ilibadilishwa Machi, mbona programu ya damu ilifanya kazi wiki tatu nzima bila kulalamika?

"Kwa sababu haikuwa imezimwa," Zahoro alijibu. "Programu ikiamka inaibeba maktaba yake kichwani. Ukibadilisha ile ya kwenye diski, yenyewe haina habari, inaendelea na ya zamani. Siku ukiizima ndiyo itakwenda kutafuta, ikute mgeni asiye na inachokihitaji."

"Kwa hiyo aliyeiwasha Jumanne angekuwa mtu yeyote."

"Angekuwa hata padri, afande."

Ilibaki kumjua aliyeleta huyo mgeni. Nywila ilikuwa ya watu watatu na mashine haikuandika ni yupi kati yao. Theopista alilifungua faili lenyewe akaanza kupekua maneno yaliyomo katikati ya namba. Maktaba inapojengwa na mtu kutoka kwenye chanzo chake, mara nyingi hubaki na anwani ya mahali ilipojengewa. Ya mtengenezaji ingekuwa na anwani ya karakana yake. Hii, kwenye ukurasa wa arobaini na kitu wa takataka, ilikuwa na mstari mmoja unaosomeka: /home/audax/kazi.

Alimwomba Sista amsindikize masijala. Huko walipata majalada ya wakaguzi wa usalama wa mifumo waliopita hospitalini mwezi Machi. Barua yao ya tarehe kumi na sita ilisema toleo la maktaba ya usimbaji ni la zamani, na ilitaka lishughulikiwe ndani ya siku saba. Chini yake kulikuwa na jibu la tarehe ishirini na tatu, mstari mmoja: "Limerekebishwa." Saini ilikuwa ya Audax Mutalemwa.

Saa tisa alasiri Theopista alikuwa Rwamishenye, Bukoba, kwenye ofisi ya Audax, ghorofani juu ya duka la rangi, na konstebo wawili amewaacha chini kwenye gari. Audax alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, mwenye vyeti vitano ukutani. Alimkaribisha kiti kwa Kihaya, akampa pole ya safari, akasema msiba wa Kyabulungo umemsikitisha sana na kwamba hakumdhania Faruku hivyo.

Theopista alimwambia ametazama diski, na amekuta faili moja la mfumo si lile la mtengenezaji.

Audax alitikisa kichwa. "Lakini ile maktaba ni ya Novemba, inspekta. Wakati huo sijaanza hata kazi pale."

Theopista alitoa kalamu, akaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akaweka saa pembeni.

"Sijataja maktaba," alisema. "Wala Novemba."

Feni ya dari ilizunguka. Kule chini mtu alikuwa anagonga mfuniko wa ndoo ya rangi. Audax alikitazama kidole chake cha pete, kisha akakubali kwamba amejisema mwenyewe.

Alieleza bila kulazimishwa. Wakaguzi walitaka namba mpya ya toleo, na mtengenezaji wa mfumo alikuwa bado na namba ya zamani. Yeye alikuwa na toleo jipya alilolijenga Novemba kwa kazi nyingine. Alilipeleka kwa njia ya mtandao kutoka nyumbani, akaliweka juu ya la mtengenezaji, akaona kila kitu kinaendelea, akajibu barua. Theopista alimwambia alivyoelezwa na Zahoro: kwamba mtengenezaji alikuwa ameshayaziba mashimo yote ya usalama ndani ya toleo lile lile, bila kubadilisha namba yake, na tangazo lipo.

"Sikulisoma," alisema Audax. "Nilitazama namba."

"Baada ya kuiweka, uliizima seva ukaiwasha?"

"Ingebidi kuomba kibali cha kuzima. Na ilikuwa inafanya kazi."

"Ulijua lini kwamba ni hiyo?"

"Waliponipigia Jumanne ile. Hawajamaliza hata kusema."

"Faruku alikamatwa Alhamisi."

Theopista alingoja. Alikuwa na mazoea ya kungoja. Mtu akiachiwa kimya huja kukijaza mwenyewe.

"Nilifikiri hawatapata kitu, watamwachia," alisema hatimaye.

"Na ile barua ya kufuta diski?"

Kwa hilo alifumba macho tu. Theopista aliliandika pia, kwamba ameulizwa na hakujibu. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu Muleba.

"Wapi kwingine uliiweka?"

"Kituo cha afya, kule Izimbya," alisema Audax kwa sauti ndogo. "Jumapili ile ile. Wana jokofu la damu na programu hiyo hiyo. Haijazimika tangu siku hiyo."

Theopista alisimama. Aliwaita konstebo, akawakabidhi Audax na vifaa vyake vyote kwa orodha. Kosa litaitwaje lilikuwa jambo la wakili wa serikali, yeye aliandika yaliyotendeka. Halafu akapiga simu Izimbya, akamwagiza mganga wa zamu kwamba mtu yeyote asiizime ile seva, jenereta ijazwe mafuta, na orodha ya damu yote ichapishwe kwenye karatasi sasa hivi. Simu ya pili ilikwenda Muleba. Jioni hiyo Faruku alifunguliwa.

Asubuhi ya Jumanne, siku ambayo angesimama kizimbani, Faruku alikuwa mbele ya kituo cha polisi cha Bukoba, amenyoa, amevaa shati safi. Theopista alimweleza kwamba Zahoro yuko Dar na hawezi kufika kabla ya Alhamisi, na kwamba mvua za masika hazina subira. Radi moja inatosha kuikata laini ya umeme ya Izimbya. Hakumwamuru. Alimwomba waende pamoja.

Faruku alifikiri. "Nikiigusa nyingine nayo ikagoma, nitalala wapi?"

"Nitaandika kwamba niliagiza mimi."

"Andika kwanza, afande."

Theopista aliandika juu ya boneti ya gari, akatia saini na tarehe, akampa nakala. Faruku aliikunja akaiweka mfuko wa shati, wakaondoka.

Izimbya walikuta mawingu yameshuka hadi kwenye migomba, na ndani ya kituo kuna mama anaandaliwa upasuaji wa kujifungua, saa nne. Mganga wa zamu, mtu mkavu asiyependa wageni, alisema hakuna atakayegusa chochote mpaka mama yule ametoka salama. Taa zilizimika kidogo, zikarudi. Betri ya seva ililia mara moja. Wote watatu waliitazama.

Faruku ndiye aliyezungumza. Alisema si lazima kuzima. Programu inakwenda na maktaba ya zamani iliyo kichwani mwake, haitajua lolote. Ataiondoa ile ya Audax kwenye diski sasa, ataweka ya mtengenezaji kutoka kwenye hazina yake ya mtandaoni, na ataihakiki kwa alama. Hapo umeme ukikatika hata katikati ya upasuaji, itaamka na maktaba iliyo sahihi. Kuzima kwa makusudi, ili kuthibitisha, kutangoja hadi mama ametoka.

Mganga alimuuliza kama ana hakika.

"Na ile orodha ya karatasi muwe nayo mkononi," alisema Faruku. Hilo ndilo lililomridhisha mganga.

Kazi ilichukua dakika tisa. Theopista alisimama nyuma yake akiandika kila amri. Alama zilipolinganishwa, mstari wa maktaba haukutokea tena. Mvua ilianza kupiga bati. Saa nne na dakika hamsini muuguzi alitoka akasema ni mvulana, na mama yuko vizuri. Damu haikuhitajika.

Ndipo Faruku alipoizima seva. Alingoja dakika mbili nzima. Kisha akabonyeza kitufe cha kuiwasha. Maandishi yalipita, yakasimama, yakapita tena, na orodha ya mifuko ikajitokeza. Muuguzi alianza kusoma namba kwenye karatasi na Faruku akawa anazijibu kutoka kwenye kioo, mfuko mmoja baada ya mwingine, hadi wa kumi na moja, wa mwisho. Zote zililingana.

Walipokuwa wanarudi garini Theopista alisema yeye bado ana safari moja, Kamachumu, kwa Gozbert, kwa sababu mtu huyo alistahili kusikia habari hii kutoka kwa mpelelezi kabla haijamfikia sokoni. Angemshusha Faruku mjini. Faruku alisema angependa kwenda naye.

Gozbert walimkuta uani pamoja na watu wa msiba, chini ya turubai lililokuwa bado halijashushwa. Mama mkwe wake alikuwa amempakata mtoto. Theopista alieleza polepole, bila maneno ya kifundi, nani alibadilisha nini, lini, na nani alinyamaza. Gozbert alisikiliza akitazama chini.

"Huyo Audax alikuwa na ugomvi na sisi, waitu?" aliuliza, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Hapana. Hakuwajua."

Gozbert aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama Faruku kwa mara ya kwanza.

"Ijumaa, tunamzika, niliomba ufe."

"Ningekuwa wewe ningeomba hivyo," alisema Faruku. "Pole, kaka."

Mvua ilikuwa imepita na migomba ilikuwa inadondosha maji. Gozbert aliinuka akaingia ndani, na watu wa msiba wakatazamana, hawajui ameingia kufanya nini. Alipotoka alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile anachopewa mgeni aliyekaribishwa. Alimpita inspekta, akawapita watu wa msiba, akasimama mbele ya Faruku, akamnyooshea.

Faruku alichukua punje mbili, kwa mikono miwili.